Safu ya Maelezo

Saa tatu kamili, kila siku, Jumapili pia,
nafungua kikopo cha bati nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu,
hapa Mvumi, ndani ya uzio wa miiba tuliouweka kwa ajili ya mbuzi,
namimina mvua ya jana kwenye bilauri yenye mistari
na kuinama hadi jicho langu liwe sawa na maji.
Mara nyingi jicho langu huwa sawa na hewa.

Leo kulikuwa na unyevu.
Si maji, unyevu. Uling'ang'ania ukuta wa bilauri
ukagoma kuteremka hadi mstari wa kwanza.

Bwana Kusenha wa hali ya hewa alinifundisha:
kisichofika mstari wa kwanza, andika T, andika R.
Nikamuuliza hiyo ni nini kwa lugha yetu.
Akatazama pikipiki yake. "Ni kidogo," akasema.
"Kidogo sana. Wewe andika tu."

Kidogo!
Neno hilo nalijua, nimelala nalo njaa.
Kule Mtumba, kwenye majengo mapya ya serikali, waliniambia nisubiri kidogo;
nilimaliza andazi nililobeba, nikamaliza na makombo yake,
mlinzi akaanza kufunga geti.
Shemeji alipiga simu: mama ana homa kidogo.
Nikafungasha nguo za siku arobaini.
Njamasi huomba chumvi kidogo akiwa ameshika bakuli.
Kidogo ni neno pana kuliko wilaya.

Basi nikakaa kwenye ngazi nikayaita mengine.
Lepe: halitoki nyumbani bila usingizi,
na hata huo usingizi hulitaja siku lilipokosekana.
Ndururu imeshonewa mfukoni mwa maskini, nayo haimo.
Funda lina koo. Ukufi una kiganja,
na kiganja cha mama kilikuwa kikubwa,
fomu hii isingekikubali.
Chembe nilidhani itafaa,
lakini chembe haitembei bila *hata* mbele yake,
na *hata* ikishatangulia
ujue nyuma yake inakuja *hakuna*.
Ajabu yetu na vitu vidogo:
tumevipa majina mengi, kisha tunayatumia
kusema havipo.
Tone lilikaribia. Ila tone lina umbo, lina mgongo.
Hiki cha leo hakikuwa na mgongo.

Mwisho wa Januari nilijumlisha.
T na R, kumi na moja.
Mara kumi na moja wingu lilikuja, likatema mate, likaenda zake Kongwa.
Jumla, kwa kanuni ya Bwana Kusenha: sifuri.
Nikarudia kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Sifuri na sifuri na sifuri.

Lakini mimi nilikuwepo.
Usiku wa tarehe tisa bati lilisema maneno manne, niliyahesabu,
na Njamasi akatoka nje, kanga kifuani,
akasimama uwanjani mikono wazi kama anayepimwa gauni.
Asubuhi vumbi lilikuwa na makovu ya ndui,
mchwa walikuwa wamehamisha mlango,
na mlenda uliojiotea kando ya choo
ulikuwa na jani moja, moja tu, la kijani cha kweli;
mengine yote yalikuwa bado na rangi ya barabara.

Fomu ina safu ya mwisho, nyembamba: Maelezo.
Miaka sita nimeiacha tupu.
Leo nimechonga penseli, nimeandika kwa herufi za kubana:
*Jani moja limenawa.*

Bwana Kusenha atapiga simu.
Atauliza jani ni milimita ngapi.
Nitamwambia asubiri kidogo.